Nguvu ya Kupandia Mlima

Katika nyumba yetu hapa Murangi, mkoani Mara, pikipiki si pambo wala si mchezo wa vijana. Ndiyo inayobeba dagaa kutoka mwaloni, ndiyo inayopeleka mihogo mashineni, ndiyo inayomfikisha mgonjwa kwa daktari, na ndiyo iliyomlipia binti yetu gharama za shule hadi akamaliza kidato cha nne. Tuliinunua miaka minne iliyopita kwa fedha za ng'ombe wawili, nayo haikuwa mpya. Tukamkabidhi kijana wetu wa kwanza, tukamwambia kuwa hiyo ni amana, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Tunaandika sisi wawili, baba na mama wa kijana huyo, baada ya kushauriana naye na kupata ridhaa yake. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo: ni habari ya kutafuta namna ya kuiongezea injini nguvu ya kupandia mlima. Lakini katika kulitafuta tulikutana na mambo ya nyumba yetu ambayo hatukuwa tumeyatazama, na tunadhani zipo nyumba nyingine zenye pikipiki mlangoni ambazo zitajiona humu.

Kati ya makazi yetu na barabara kuu pana kilima. Si kirefu, lakini kina mawe, kina kona mbili kali, na masika huugeuza udongo wake kuwa utelezi. Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, adhana ya kwanza ikiwa bado haijasikika, mke wa kijana wetu alishikwa na uchungu. Kijana alimpakia mkewe nyuma, akatia gia, wakaondoka kuelekea kituo cha afya. Mama alifuata kwa miguu akiwa na kanga na beseni la mzazi.

Walipofika kwenye kona ya pili, pikipiki ikatetemeka ikazima. Kijana akaiwasha, akaachia klachi taratibu, ikasogea hatua mbili, ikazima tena. Alipoizidishia mafuta, injini ilipiga kelele, klachi ikanuka, na gurudumu halikwenda popote. Mkwe wetu akashuka. Alipanda sehemu iliyobaki kwa miguu yake mwenyewe, akisimama kila uchungu ulipomjia, mkono mmoja umeshika jiwe na mwingine umeshika bega la mama mkwe wake. Kijana alikuwa nyuma yao akiisukuma pikipiki gizani, na mama anasema alimsikia akilia.

Mjukuu wetu alizaliwa salama kabla jua halijapanda sana, alhamdulillah. Mzazi naye alikuwa mzima. Lakini jioni ya siku hiyo, baada ya swala ya Isha, kijana alikuja akaketi mbele yetu, akasema, "Baba, Mama, pikipiki hii haina nguvu. Nimeamua kuiwekea silinda ya mia na hamsini."

Tukamuuliza fedha atazitoa wapi. Akajibu kwa sauti ya chini kuwa amekwisha kuzungumza na mkopeshaji. Angepewa shilingi 300,000, naye angerudisha 420,000 baada ya miezi mitatu. Ndugu msomaji, mikopo ya namna hiyo mitaani huitwa kausha damu, na jina hilo walilitunga walioionja. Baba alikataa pale pale, akamkumbusha kuwa riba haiingii katika nyumba hii hata kwa jambo la dharura. Kijana hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Baba. Basi nionyesheni nguvu ya halali itakayopanda kile kilima."

Hatukuwa na jibu. Tuliomba siku chache tutafute ushauri.

Fundi wetu ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi hafungui karakana; nasi Ijumaa mchana ni ya swala. Basi tulimwendea Jumapili asubuhi, sote watatu. Kijana alieleza anachokitaka: silinda kubwa, pistoni kubwa, na ikiwezekana kabureta kubwa vilevile. Fundi alisikiliza, na kabla hajajibu, mama aliuliza, "Fundi, hiyo silinda kubwa itaipa pikipiki mbio, au itaipa kupanda?"

Fundi alicheka, akasema, "Mama, miaka yote niliyokaa hapa, hakuna kijana aliyeniuliza swali hilo. Wote hudhani ni kitu kimoja." Akavuta kigoda, akatufundisha, na tutajaribu kuyaeleza aliyotufundisha kwa maneno yetu.

Sisi Wajita tunalima kwa maksai, na kila mkulima anajua kwamba ndama anayewashinda wenzake kwa kukimbia siye atakayeliburuta plau katika udongo mzito. Injini nayo ndivyo ilivyo. Ipo nguvu inayopatikana injini inapozunguka kwa kasi, nayo hutoa mbio. Ipo nguvu ya kusokota gurudumu wakati injini ingali inazunguka polepole, nayo ndiyo huinua mzigo kutoka pale uliposimama. Pikipiki inapopanda kilima chetu kwa gia ya kwanza, injini huwa inapiga mizunguko 2,000 au 3,000 hivi kwa dakika. Nguvu kubwa inayosifiwa katika vitabu vya pikipiki za ukubwa huu hupatikana kwenye mizunguko 7,000, 8,000 au zaidi. Mwenye kilima hana faida nayo, kwa kuwa hafiki huko.

Kisha akayachambua mambo ambayo watu hununua ili kuongeza nguvu.

La kwanza ni silinda. Injini yetu, kama zilivyo injini nyingi za pikipiki za Kichina za cc 125, imefuata umbo la Honda CG125, injini iliyobuniwa iwe ngumu na rahisi kutengenezwa, ambayo valvu zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka juu hadi chini. Ukipiga hesabu unapata cc 124 na kitu. Injini nyingi za cc 150 za ukoo huo huo zina safari ile ile ya pistoni, ila kipenyo ni milimita 62, nazo hutoa cc 149. Kwa hiyo kijana hakukosea kabisa: silinda ile huongeza ujazo kwa takriban asilimia 20, na ujazo ni nguvu ya kweli, hata katika mizunguko ya chini.

Lakini fundi alitaka tuujue mzigo unaoambatana nayo. Silinda nene haiingii katika kinywa cha injini ya 125 mpaka kinywa hicho kichongwe, na kikichongwa vibaya, injini yote imekwenda. Aidha, ukiongeza kipenyo ukaacha kichwa kile kile, mchanganyiko wa hewa na mafuta unabanwa zaidi. Injini iliyokuwa ikibana tisa kwa moja itabana zaidi ya kumi na nusu kwa moja. Joto litapanda, na kwa petroli duni injini itaanza kugonga. Klachi iliyotengenezwa kwa nguvu ya 125 itabeba nguvu ambayo haikukusudiwa. Kabureta itahitaji jeti nyingine. "Si kwamba haifai," alisema, "ila inafaa kwa injini nzima yenye afya, na mwenye fedha ya kuimaliza kazi yote. Nusu ya kazi ni hasara kuliko kutofanya."

La pili ni kabureta kubwa. Hii, alisema, huwahadaa wengi. Tundu likiwa pana, hewa hupita polepole wakati injini inazunguka taratibu, na hewa inayopita polepole haiyavunji mafuta kuwa ukungu mwembamba. Matokeo yake pikipiki husitasita pale pale unapoihitaji. Mkimbiaji atafaidika, mpanda kilima atapungukiwa.

La tatu ni kemshafti, ile shafti inayoamua valvu zifunguke lini na zifungwe lini. Zipo zilizochongwa ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi. Kwenye kasi kubwa hilo ni jema, kwani injini hupumua vizuri. Kwenye kasi ndogo, pistoni inapoanza kupanda huku valvu ya kuingizia ingali wazi, sehemu ya mchanganyiko hurudishwa ilikotoka, na mbano hupungua. Kwa kazi yetu, kemu iliyotoka kiwandani ndiyo bora.

La nne ni ekzosi. Hapa fundi alimtazama kijana, na kijana akatazama chini. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameitoboa ekzosi na kuyatoa matumbo yake, akiamini kwamba mlio mkubwa ni dalili ya nguvu nyingi. Wazee wa msikitini walikwisha kutulalamikia, kwa sababu alipokuwa akipita wakati wa Isha, sauti ya imamu haikusikika. Fundi akaeleza kuwa ekzosi iliyo wazi huweza kusaidia kidogo kwenye mizunguko ya juu, lakini katika injini ndogo kama hii mara nyingi huiondoa nguvu ya chini. Kumbe tulikuwa tumewaudhi waumini na kuudhoofisha mlima kwa tundu lile lile.

Na hata hewa ya hapa kwetu ina hukumu yake. Uso wa Ziwa Viktoria upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tupo juu kidogo ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na mafundi hukadiria kuwa injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo pikipiki ile ile inayosifiwa pwani hufika kwetu ikiwa imekwisha kutoa sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kama ushuru wa njiani.

Tulidhani baada ya maelezo hayo angetutajia bei. Badala yake alisema, "Kabla hamjanunua nguvu mpya, tuitafute iliyopotea." Akaanza kazi.

Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa mkono. Likasimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, kwa kuwa breki ilikuwa inasugua. Tairi lilikuwa na upepo mchache. Cheni ilikuwa imekauka na kuvutika. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi, na fundi mmoja wa njiani, ili kuficha udhaifu, alikuwa ameipanua jeti, hivyo plagi ilitoka nyeusi kwa masizi. Valvu zilikuwa zimekaza kupita kiasi, hazifungi sawasawa. Klachi ilikuwa imelika, ndiyo maana ilinuka siku ile mlimani. Mwisho aliweka kipimo cha kompresheni kwenye tundu la plagi, akapiga kiki mara kadhaa, akatikisa kichwa. Akadondoshea kijiko cha oili ndani ya silinda, akapima tena, na mshale ukapanda. "Mmeona?" alisema. "Oili imeziba pengo kwa muda. Ringi zimekwisha, na ukuta wa silinda umelika. Hii si injini ya mia na ishirini na tano tena. Mkiiwekea mbio za mia na hamsini, mtakuwa mmemvisha mgonjwa viatu vya kukimbilia."

Kisha akafungua nati ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami, tena kidogo. Akauliza, "Ilibadilishwa lini?"

Kijana hakujibu. Baba akarudia swali, kwa ukali kidogo. Kijana akasema, "Kabla ya Ramadhani iliyopita." Ilikuwa imepita zaidi ya miezi kumi.

Baba alitaka kumgombeza. Tunakiri kwamba maneno yalikuwa tayari mdomoni: uzembe, kutojali, kuichezea amana. Lakini kijana hakuwa akimtazama baba. Alikuwa akimtazama mama, na mama alielewa, kwa sababu daftari la hesabu hukaa mkobani mwake. Akalitoa pale pale karakana.

Wenye bodaboda wanalijua neno hesabu. Ni fedha ambayo dereva humkabidhi mwenye chombo kila siku, apate asipate. Sisi tulimwekea mwanetu hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku sita za juma. Tuliona ni ndogo, kwa kuwa wengine hudai zaidi. Tulitembea na daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na majuma ya mvua ambayo barabara haikupitika, na hesabu imeandikwa kamili. Kulikuwa na juma aliloumwa malaria, na hesabu imeandikwa kamili. Kulikuwa na fedha ya sare, ya daftari, ya mbolea, ya harusi ya shemeji. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa oili. Kijana alikuwa akitoa petroli na hesabu kwanza, kisha chakula cha mkewe, na kilichobaki hakikutosha kununua lita moja.

Baba alimuuliza, "Kwa nini hukutuambia?" Akajibu, "Nilimwambia Mama mara mbili. Mama akasema tusubiri hadi dada amalize mitihani." Ni kweli. Mama analikumbuka neno hilo, na baba alikuwapo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu. Fundi, kwa adabu yake, alijishughulisha na kupangusa spana. Sisi tuliona jambo ambalo hatukulijia. Tulikuwa tumeuza nguvu za injini ile kidogo kidogo, kila siku kwa shilingi 7,000, tukaila na kusomea, na bili yake ikaja kulipwa na binti wa watu mwenye uchungu, kwenye kona ya pili, usiku.

Tulimwomba kijana wetu radhi. Wazazi wengi wa rika letu hawakulelewa kumwomba radhi mtoto, na haikuwa rahisi, hasa mbele ya mtu mwingine. Yeye aliona haya kuliko sisi. Alisema tu, "Yameisha, Baba," akainama kufunga nati.

Baada ya hapo mipango ikawa myepesi. Tuliuza mbuzi wawili. Tukasimamisha hesabu kwa majuma matatu. Silinda ilipelekwa karakana moja mjini Musoma ikachongwa, ikatiwa pistoni ya saizi ya 0.50, yaani nene kwa nusu milimita kuliko ya mwanzo, pamoja na ringi mpya. Ujazo ulioongezeka haufiki hata cc 3. Lakini mbano ulirudi. Valvu zilipimwa upya, klachi ikabadilishwa sahani, jeti ikarudishwa ya kiwandani, chujio likawa jipya, na ekzosi ikatiwa matumbo yake. Wazee wa msikitini wametushukuru.

Ndipo fundi alipotuletea pendekezo lake la mwisho, nalo halikuhusu injini kabisa. Ni sproketi, zile gia mbili zinazovutwa na cheni. Pikipiki yetu ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, maana yake gia ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka meno 13 mbele, itazunguka mara 3.23, na nguvu inayofika kwenye gurudumu itaongezeka kwa takriban asilimia 8. Ukiacha 14 mbele ukaweka 45 nyuma, utapata 3.21, ongezeko la asilimia 7. Ukifanya yote mawili utapata 3.46, yaani asilimia 15. Injini haiguswi, joto haliongezeki, kinywa hakichongwi. Gharama yake ni mbio: pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 80 kwa saa, kwa mizunguko ile ile ya injini, itakwenda 74 ukibadilisha moja, au 69 ukibadilisha zote.

Tulianza na ile ya mbele kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Shilingi 6,000 tu. Fundi alitaka tuijaribu kwanza. Alituonya kuwa gia ndogo mbele huikunja cheni kwa ukali na kuichosha mapema, kwa hiyo tukiridhika, wakati wa kubadilisha cheni turudishe 14 mbele na kuweka 45 nyuma, pamoja na cheni mpya ndefu kidogo, kwa kuwa cheni kuukuu huziharibu sproketi mpya. Ndivyo tulivyofanya miezi mitatu baadaye.

Siku ya majaribio, kijana alifunga gunia la mihogo mikavu nyuma, akashika njia ya kilima peke yake. Sisi tulisimama chini. Injini haikupiga kelele. Ilipanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea haraka, ikapita kona ya kwanza, ikapita ya pili, na kijana akasimama pale pale ilipozima usiku ule. Alisimama makusudi. Kisha akaiondoa tena kutoka katikati ya mlima, na ikaondoka bila kusitasita. Mkwe wetu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Hakusema neno, ila tulimwona akitabasamu.

Haitakuwa uaminifu tukisema kila kitu kimekuwa chema. Kwenye barabara ya kwenda Musoma wenzake humpita, na wapo abiria wenye haraka waliomhama. Kijana alitaniwa sana kijiweni, akaitwa jina la trekta. Njia za kuelekea Bugwema, kwenye udongo mweusi wa mbuga, bado humkwamisha masika yakikolea, maana sproketi haigeuzi tope kuwa lami. Na ile silinda ya 150 bado anaitamani. Tumemwambia kuwa siku injini hii itakapomaliza umri wake, kwa fedha iliyowekwa akiba bila riba, tutanunua pikipiki iliyozaliwa 150, insha'Allah, badala ya kuitia nyingine mwili usio wake.

Tumekubaliana naye mambo matatu. Kwanza, hesabu ni siku tano. Ya sita ni ya pikipiki yenyewe, nayo ina ukurasa wake katika daftari: oili, breki, tairi, cheni. Pili, mvua ikifunga njia au maradhi yakimlaza, hakuna hesabu. Tatu, kwa upande wake, hapakii mshikaki wala hazidishi mzigo kwa kuwa injini imepata afya. Nguvu iliyoongezeka ni ya kupandia, si ya kubebea watu wanne.

Kwa wazazi wenzetu ambao watoto wao wanaendesha vyombo vilivyonunuliwa na familia, tunawausia jambo moja tu la kufanya juma hili. Kabla hamjamuuliza kijana hesabu, muulizeni oili ilibadilishwa lini, kisha nyamazeni mpaka ajibu. Huenda jibu lake likawahusu ninyi.

Mjukuu wetu sasa ana miezi saba. Kila siku ya kliniki, mama yake humfunga mgongoni, akapanda pikipiki nyuma ya mumewe, wakashika njia ya kilima. Bibi yake bado huwafuata kwa miguu hadi chini ya kona ya pili. Husimama hapo akisikiliza, na injini ikishapita juu, hurudi nyumbani kuendelea na kazi zake.